Mkono Ulioshika Simu

Tulimzika baba mchana, na jioni tukaenda kumwona mama hospitali tukiwa na nyuso za kawaida. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyepanga hivyo. Alisema daktari ameonya mama asishtuliwe, kwamba uvimbe ulioko tumboni unangoja kukatwa na mwili wake umechoka, kwa hiyo habari za baba zingoje mpaka atoke chumba cha upasuaji na apate nguvu. Ndugu wote wakaitikia kwa vichwa. Wanaonijua wanajua kwamba maneno hayakai sana mdomoni mwangu, ila siku hiyo nilikuwa nimelia mpaka sauti imekauka, basi kaka akapita bila kupingwa.

Gauni nililibadilisha ndani ya gari la kaka. Viatu sikuwa na vingine. Nilikwenda kwenye bomba lililo nje ya jengo la wodi, nikainama na kuanza kusugua udongo wa makaburini kwa vidole, na hapo ndipo aliponikuta muuguzi mmoja aliyekuja kusuuza beseni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amevaa sweta la kijivu juu ya sare yake. Alivitazama viatu, kisha akanitazama usoni.

"Pole," akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya huyo mliyemzika."

Niliudhika kuona mtu nisiyemjua anaisoma miguu yangu namna ile. Alisuuza beseni lake taratibu, akaniachia bomba, akaenda zake.

Wodini walimwita Sista Hodi. Jina hilo walimpa wagonjwa wenyewe. Kila kitanda kilikuwa na pazia lake, na wauguzi wengine walilivuta tu, uwe umelala miguu wazi au unatapika, shauri yako. Yeye alisimama nje ya pazia, akabisha hodi, akangoja akaribishwe. Akiingia alikuambia anachotaka kufanya kabla hajakugusa: mama, nakugeuza upande wa dirisha, mama, sindano hii itauma kuliko ya asubuhi. Mikono yake aliipasha joto kwanza kwenye maji ya beseni. Aliwabishia hodi hata wasiojitambua, akawapa muda kidogo, kana kwamba wako ndani wanatafuta nguo ya kujisitiri.

Siku moja nilimkuta anabisha hodi kwenye kitanda cha jirani wa mama. Mwenye kitanda alikuwa amefariki alfajiri, godoro limeshavuliwa shuka. Sista alisimama, akasema hodi, akangoja, ndipo akaingia kufuta vyuma kwa dawa. Nikamtania ili nijitoe woga.

"Sista, na huyo akikuitikia karibu, utafanyaje?"

"Nitaingia," akasema, bila hata kucheka. "Nikianza kuingia kimya kwa waliokwenda, kesho nitaingia kimya kwa waliobaki. Najijua mimi."

Kesho yake baada ya maziko nilimfuata kwenye kabati la dawa, nikamweleza njama yetu yote. Nilimwomba, mama akimuuliza, aseme kwamba mzee ana mafua makali na wodi hairuhusu mtu mwenye kikohozi karibu na wagonjwa wa upasuaji.

"Sitasema," akanijibu.

"Hutasema kwamba amekufa, au hutasema kwamba ana mafua?"

"Yote mawili. Habari ya msiba ni yenu, siwezi kuwanyang'anya. Na uongo ni wenu pia. Akiniuliza, nitamwambia awaulize watoto wake."

"Kwani ukisema neno moja, mafua, unapungukiwa na nini?"

Alifunga kabati taratibu. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kunijibu bila kuniumiza. "Mama yako mimi ndiye ninayemsafisha. Ananiachia mwili wake kwa sababu nikimwambia itauma, inauma, na nikimwambia imekwisha, imekwisha. Nikimdanganya mara moja tu, kesho kila nikimgusa atakaza mwili. Mtu mgonjwa akikaza mwili hana pa kupumzikia."

Nilimwona mwanamke wa kiburi. Niliondoka pale nikitoa povu, na nyumbani nikamwambia kaka kwamba hospitali ile ina muuguzi anayejifanya mtakatifu. Kaka akasema niachane naye, ilimradi afunge mdomo.

Mafua yalitusaidia kwa muda mfupi. Mama si mtoto. Alianza kuuliza, "Hata kama ana mafua, ndiyo ashindwe kupiga simu?" Akaanza kukisukuma chakula pembeni. Akasema labda mzee amemkasirikia, au ameona mke mwenye uvimbe hana faida tena. Aliyasema hayo kwa utani, lakini usoni hapakuwa na utani wowote. Hapo ndipo kaka alipomkumbuka baba mdogo.

Baba mdogo ni mdogo wake baba, na sauti yake na ya baba ilikuwa moja. Sisemi zilifanana. Tangu ujana wao walikuwa wakiwachezea watu shere kwenye simu, na mama mwenyewe aliwahi kuzungumza na shemeji yake mambo ya mabati na misumari muda mrefu, akidhani anaongea na mumewe, mpaka baba mdogo alipoangua kicheko. Kisa hicho kilikuwa kichekesho cha familia yetu. Kwenye kila harusi yupo aliyekisimulia, na kila aliyekisimulia alikitia chumvi yake. Ndiyo maana kaka alipotoa wazo lile, wote tulilielewa hapohapo, na hakuna aliyecheka.

Baba mdogo alipiga kwa simu ya baba, ili jina litokee. Simu ya marehemu tukawa tunaichaji kila asubuhi, tunaifuta vumbi, tunaiweka kwenye meza ileile karibu na kiti chake. Mikono ya mama ilikuwa imevimba kwa dripu, hawezi kushika kitu, kwa hiyo aliyemshikia simu sikioni alikuwa Sista Hodi. Jioni ya kwanza nilikuwepo. Hakusema kwamba mumeo anapiga. Alisema, "Mama, simu yako inaita. Jina lililotokea ni la mumeo. Niipokee?" Mama akasema ipokee haraka.

"Mama watoto," sauti ya baba ikasema. "Umekula?"

Uso wa mama ulifunguka. Alilalamika, akadeka, akamsema kwa mafua yake yasiyoisha, akamwuliza kama anakunywa maji ya moto. Sauti ikajibu kila kitu sawasawa. Mimi nilikuwa nimejiinamia nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nilipoinua kichwa, Sista Hodi alikuwa ananitazama. Mkono wake wenye simu ulikuwa umetulia kabisa. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa umeshikilia mto wa mama.

Mama akaanza kula tena. Kaka akajipongeza, akasema si alituambia.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi, na siku zile nilihamia hukohuko kuwalinda kuku na kupokea wageni wa msiba waliochelewa kupata habari. Kila jioni baba mdogo alikuja, akaketi kwenye kiti cha baba, akafumba macho, akapiga simu. Nilisimamisha cherehani. Sauti ya baba ilipita ukutani ikimwuliza mama kama amelala vizuri, kama dawa zinamkubali. Nilijua ni nani. Masikio yangu hayakujua. Yalitulia kwa sauti ile kama yalivyotulia tangu nikiwa mchanga, na simu ikikatwa nilianza kulia upya, kana kwamba baba anakufa kila siku muda uleule.

Halafu baba mdogo akaanza kubadilika. Alikuwa mtu wa mzaha, asiyekaa kitako. Sasa akikata simu hakuinuka. Alikaa kwenye kiti kile mpaka giza linaingia, akikohoa kile kikohozi kifupi cha baba cha kusafisha koo. Mkewe alinifuata kwenye cherehani, akavuta kigoda.

"Mwanangu, mimi naogopa. Jana baba yako mdogo kaniita mama watoto. Sisi hatuitani hivyo. Miaka yote ananiita kwa jina langu."

"Labda ni mazoea ya simu, mama mdogo."

"Mazoea gani? Alikuwa usingizini."

Nilimwambia asijali, itaisha baada ya upasuaji. Nilipobaki peke yangu nilishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Haikuisha baada ya upasuaji, kwa sababu upasuaji wenyewe ulikwama. Mama alimwuliza ile sauti, "Utakuja lini nikuone?" na baba mdogo, kwa huruma tu, akajibu, "Jumamosi." Basi. Daktari alipokwenda kumweleza kwamba wako tayari, mama akakataa. Alisema hatakatwa mpaka mumewe aje amwone kwanza akiwa mzima. Alibembelezwa na daktari, akabembelezwa na kaka, akabaki palepale. Alisema mzee ameahidi, na akiahidi anakuja.

Daktari alituita ofisini kwake. Alikuwa amechoka, na hakutuzungusha. "Uvimbe hautamngoja mumewe," alisema. "Tukizidi kuchelewa, nitafungua tumbo na kulifunga tena bila kufanya kitu."

Kwa hiyo uongo tuliomtungia ili aishi ndio uliokuwa unamuua. Nilimwambia kaka hivyohivyo mbele ya daktari. Kaka akasema, "Basi Jumamosi atakuja."

Sikumwelewa mpaka Jumamosi yenyewe. Alimvika baba mdogo koti la baba, kofia ya baba, na barakoa ya kufunika uso kwa kisingizio cha mafua. Akamwagiza asimame mbali na kitanda, aseme maneno machache, akohoe, atoke. Nilitaka kuwazuia mlangoni, ila kaka aliniuliza kama nina njia nyingine, nami sikuwa nayo, au nilikuwa nayo na sikuithubutu.

Kaka alibaki kwenye gari, na koridoni nilitembea nyuma ya baba mdogo. Kwa nyuma alikuwa baba mtupu. Bega la kushoto limeinama, visigino vinaburutwa, koti limemkaa kama lilivyozoea kumkaa mwenyewe. Wagonjwa waliokuwa wameketi kwenye viti wakamwamkia shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba, na mimi nikaona kwamba nikimwita baba atageuka.

Sista Hodi alikuwa amesimama nje ya pazia la mama na beseni lake. Alituona tunakuja. Hakupiga kelele wala hakutuzuia. Alimtazama baba mdogo kuanzia kofia mpaka viatu, kwa upole ule ambao ningependa usiwepo.

"Wewe ndiye wa simu," akasema kwa sauti ya chini.

Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali.

"Hapa watu hubisha hodi. Bisha, kama unaingia."

Baba mdogo akasogea. Kabla hajafungua kinywa akakohoa, kile kikohozi kifupi, nadhani hakukikusudia. Ndani ya pazia mama akasema, "Karibu, mzee. Nilijua utakuja."

Mimi nimeshaona watu wakizimia, na nimeshaona watu wakikimbia. Sikuwahi kuona mtu akifanya yote mawili akiwa amesimama. Baba mdogo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akateleza taratibu hadi kwenye benchi, akavua ile barakoa. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Siwezi," aliniambia kwa kunong'ona. "Usiniambie nijikaze. Hujui alichoniambia kwenye simu. Aliniambia, lile la mwaka ule nimekusamehe. Lile, sijui lipi. Akalia. Nami nikamjibu asante, mke wangu. Nani alinituma nipokee msamaha usio wangu? Mwenyewe amelala chini na hajaupata."

"Mzee?" mama aliita. "Mbona huingii?"

Sista Hodi akaweka beseni chini, akanishika kiwiko. Mikono yake ilikuwa na joto. "Akiita mara ya tatu ataanza kushuka kitandani," akasema. "Ni wewe au kaka yako, na kaka yako hayupo."

"Akifa je?"

"Anaweza kufa. Hata akingoja anaweza kufa. Sikuahidi chochote. Nitakuwa ndani pamoja nawe."

Akageuka, akabisha hodi, akamwambia mama kwamba binti yake anaingia na ana neno zito, na kwamba yeye Sista atakaa palepale kitandani, ameshika miguu yake. Akavuta pazia. Mama alikuwa amejipanga. Amechanwa nywele, amepakwa mafuta usoni, shuka limekunjwa vizuri kifuani. Alitazama nyuma yangu.

Nilipiga moyo konde. "Mama, baba hayupo. Baba alifariki, alianguka uani. Tulimzika siku ile tulipokuja wote jioni."

Hakupiga ukelele. Alinitazama tu, na nikaona anarudi nyuma kwenye siku zote zile, moja baada ya nyingine, akizipitia upya. Sista Hodi alikuwa ameikumbatia miguu yake juu ya shuka, kichwa ameinamisha.

"Basi nilikuwa naongea na nani?" mama akauliza.

"Baba mdogo."

Ningependa kusema alilia. Angelia ningemkumbatia, mambo yakawa kama yanavyokuwa. Lakini kilichomjia usoni kilikuwa aibu. Alilivuta shuka mpaka shingoni kwa ile mikono iliyovimba, kama mwanamke aliyefumaniwa akioga, akageuzia uso ukutani.

"Toka," akaniambia.

Nilitoka. Nilikaa kwenye benchi pembeni ya baba mdogo mchana ule wote. Zamu ya Sista Hodi iliisha, mwenzake akaja kumpokea, yeye hakutoka. Ndani ya pazia sikusikia maneno ya kumfariji, zile pole na jikaze na ni mipango ya Mungu tunazowamwagia watu mpaka zinawakaba. Nilisikia maji tu. Kitambaa kinachovywa kwenye beseni, kinakamuliwa, kinachovywa tena. Muda mrefu sana baadaye ndipo sauti ya mama ilipopasuka, ikalia ule mlio wa kutoka tumboni kwenyewe kwenye uvimbe, na maji hayakusimama.

Sista alipotoka, sweta lake lilikuwa limelowa begani. Hasira zangu zote zikampata yeye, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Umefurahi sasa?"

"Hapana," akasema. Akakaa chini kwenye sakafu ya korido, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyo mchovu. "Naogopa kama wewe. Akienda usiku wa leo, nitajua ni mkono wangu uliokusukuma. Nitaingia kazini kesho nikilijua hilo." Akamgeukia baba mdogo. "Anakutaka."

Baba mdogo akainuka kwa shida.

"Usiingie. Amesema usiingie, hataki kukuona na hilo koti. Anataka upige simu. Kwa ile simu."

Baba mdogo aliitoa simu ya baba mfukoni, akabonyeza jina la mama. Nikamfuata Sista ndani. Mama alikuwa amelala chali, macho yamevimba lakini makavu. Simu iliita juu ya kabati.

"Mama, simu yako inaita," Sista akasema. "Nipokee?"

"Pokea."

Akaiweka sikioni mwa mama. Korido ilikuwa kimya, na kitanda hakikuwa mbali na benchi, kwa hiyo ile sauti niliisikia mara mbili, nyembamba kutoka kwenye simu, na nyingine ikipita chini ya pazia.

"Mama watoto," ikasema, ikakatika.

"Najua ni nani," mama akasema. "Nyamaza, usiniombe radhi. Nataka kitu kimoja. Uniambie ulivyokufa. Binti yangu ameniambia umeanguka uani, basi. Wewe ulikuwepo. Niambie kwa sauti hiyo."

Nilitaka kuinyakua simu ile. Sista Hodi alitikisa kichwa kidogo tu, nikabaki nilipo.

"Nilikuwa nafua mashuka," sauti ya baba ikasema. "Mashuka yetu. Nilitaka ukirudi uyakute safi. Niliyakamua mwenyewe, nikawa naanika. Mkono ukaanza kuniuma, huu wa kushoto. Nikaketi kwenye ndoo niliyoifudikiza."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nimechoka kidogo. Mdogo wangu alikuwa amekuja kuazima ngazi. Nikamwambia, malizia hilo shuka, livute vizuri, hapendi likiwa na mikunjo." Sauti ikapumua. Ilikuwa imejikaza mpaka hapo, sasa ikaanza kuyumba. "Nikalichukua hilo shuka. Nikalitundika. Nililivuta pembe zote, shemeji, kama alivyosema. Sikujua. Nilidhani amechoka tu. Nilimpa mgongo, nikawa navuta shuka, na nilipogeuka alikuwa ameshakwenda. Ningemtazama yeye badala ya shuka. Sijamwambia mtu yeyote. Wote nimewaambia alianguka tu."

Nyuma ya pazia, kwenye benchi, mtu mzima alikuwa analia kwa sauti ya baba yangu. Sikuwahi kumsikia baba akilia maisha yangu yote. Nilikuja kumsikia amekufa.

Mama alifumba macho. "Lilinyooka?"

"Ndiyo, shemeji."

"Basi ulifanya alichotaka." Akafumbua macho. "Na lile la mwaka ule halikuwa lako. Usilibebe. Nitampelekea mwenyewe siku yangu ikifika. Si wiki hii."

Hakuna aliyekata. Simu ilibaki sikioni na pumzi zikipita huku na huku. Kisha mama akamtazama Sista Hodi, akamwambia aitoe, aende akamwite daktari, na akitoka hapo aende nyumbani kwake akalale, kwa sababu amekuwa mweupe midomo. Sista akacheka, ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka, akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

Mama alikatwa Jumatatu. Ilikuwa kazi ndefu, kaka alitembea korido ile mpaka nikamwambia akae, atatoboa sakafu. Uvimbe ulitoka. Jeraha lilichelewa kupona, homa ikaja ikaondoka, na kila asubuhi Sista Hodi alimwambia ukweli wa siku hiyo, mzuri au mbaya, naye mama aliuachia mwili. Siku ya kuruhusiwa nilimtafuta nimshukuru na nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Alikuwa na mgonjwa mpya, mtu aliyeletwa hajitambui, na aliniambia nisubiri. Nilisubiri mpaka kaka akapiga honi. Bado ananidai neno hilo, na kila nikipita karibu na hospitali ile nauona tena ule mkono uliotulia na machozi yale yasiyofutwa.

Simu ya baba tuliizima. Mama aliomba jambo moja tu alipofika nyumbani, kwamba shemeji yake awe anakuja kumwona kama zamani, ila asiongee kwa sauti. Baba mdogo akakubali. Anakuja, anaketi, wanakunywa chai, ananong'ona. Wageni hudhani anaumwa koo, nasi tunawaacha wadhani hivyo. Utani wake umerudi, lakini ni utani wa mnong'ono, inabidi umsogelee ndipo ucheke.

Juzi alijisahau. Kaka alisema kitu cha kipuuzi, na baba mdogo akaangua kicheko, kile kikubwa, nyumba nzima ikakisikia. Mama akatoka jikoni mbiombio anafuta mikono, anatabasamu, midomo tayari inauliza mbona umechelewa leo. Akafika mpaka katikati ya sebule kabla hajakumbuka.